Kwa nini mawe ya Lory yameinamia upande mmoja, na ziwa lile lilifikaje katikati yake

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Greeley, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Aliwapeleka wanawe katika hifadhi ya Lory, magharibi ya mji wa Fort Collins, pale ambapo uwanda mpana unakoma na vilima vya kwanza vya Milima ya Rocky vinaanza. Anaandika hivi: "Mwalimu, mawe mekundu ya huko yote yameinamia upande mmoja, kama vitabu vilivyoegemezwa rafuni, na katikati yake kuna ziwa refu na jembamba. Kijana wangu aliniuliza kama ni ziwa lililoyaangusha mawe au ni mawe yaliyolishika ziwa, nami sikuwa na jibu. Kisha askari wa hifadhi akatuzuia kupita njia tuliyoikusudia, eti kwa sababu mvua ilinyesha usiku. Mvua ya usiku mmoja inafungaje njia ya watu wa miguu?"

Mama, nakushukuru kwa kuandika, na umpe kijana hongera zake, kwa kuwa ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi hupita kando yake kila wiki bila kulitazama. Wewe umeleta maswali mawili, lakini yote yanajibiwa na jambo moja: miamba ya pale haina ugumu mmoja. Matabaka magumu yamepishana na matabaka laini, na maji yamekuwa yakiyachambua kwa mamilioni ya miaka, yakila laini na kuacha gumu. Umbo la vilima, mahali lilipo ziwa na tope lililokurudisha nyuma vyote vinatoka hapo. Kijana wako amekaribia ukweli katika nusu ya pili ya swali lake, kwani ni mawe yanayolishika ziwa. Ila hayakulishika peke yake. Yalisaidiwa na watu, tena kwa hesabu ya mawe yenyewe ni juzi tu.

Nianze na kuinama. Chukua mikeka kadhaa, uitandike mmoja juu ya mwingine sakafuni, kisha mtu aingize kigogo chini yake na kukiinua polepole. Mikeka iliyo juu ya kigogo itapanda pamoja nacho, na ile ya pembeni itateremka kwa mwinamo mpaka ifike sakafuni tena. Sasa chukua kisu ukate sehemu yote iliyofunika kigogo na kuitupa. Kitakachobaki ni kigogo kikiwa wazi katikati, na pembeni yake ncha za mikeka zilizokatwa, zikitokeza moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimeinamia kule ambako kigogo hakipo. Kigogo ndicho Milima ya Rocky. Kuinuliwa kwake kulianza takriban miaka milioni 70 iliyopita na kuliendelea kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Kisu ni mvua, theluji, barafu na mito. Matabaka ya mchanga uliogeuka jiwe, ambayo zamani yalilala bapa na kuendelea hadi juu ya milima, yamemomonyoka huko juu, na tunayoyaona Lory ni ncha zake zilizokatwa, zikiwa zimeinamia mashariki upande wa uwanda.

Ndiyo maana kila tuta la pale lina sura mbili. Upande wake wa magharibi ni genge lililosimama, mahali tabaka lilipokatika, na upande wa mashariki ni mteremko mpole unaofuata uso wa tabaka lenyewe. Wenyeji huyaita matuta ya namna hii mgongo wa nguruwe, na mtu aliyewahi kumwona nguruwe mwitu akiwa amesimamisha manyoya ya mgongoni hataona ajabu. Mkirudi, mwambie kijana asimame kando ya maji, atazame mashariki kisha ageuke magharibi. Upande mmoja ataona magenge, na upande mwingine ataona miteremko iliyolala kama paa la nyumba.

Mikeka hiyo haikufumwa siku moja wala kwa ukindu mmoja. Tabaka jekundu lililo chini kabisa, ambalo wanajiolojia huliita Fountain, lina umri wa miaka milioni 300 hivi. Lilitokana na safu nyingine ya milima iliyosimama karibu na hapohapo kabla ya Rocky za leo na ambayo ilikwisha kumomonyoka yote. Mito yake iliteremsha kokoto na mchanga mnene na kuutandaza miguuni pake. Ukiligusa kwa mkono utahisi chembe kubwa kubwa, nyingine za rangi ya waridi, ambazo hazikusafiri mbali vya kutosha kusagika. Wekundu wake ni chuma kilichopata kutu. Ni kiasi kidogo tu cha chuma, kilichofunika chembe za mchanga kama rangi ya ukutani, lakini kinatosha kupaka vilima vizima, jambo ambalo mtu aliyekulia kwenye udongo mwekundu wa kwetu Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mara mbili.

Juu ya Fountain, baada ya tabaka moja au mawili nitakayoyaruka, yapo mawe ya Lyons. Haya ni mchanga laini uliopeperushwa na upepo wakati mahali pale palipokuwa jangwa lenye matuta ya mchanga. Ukitazama jiwe la Lyons lililokatwa vizuri utaona mistari iliyokingamana, nayo ni nyuso za matuta hayo ya kale. Jiwe hili hupasuka katika vibapa vilivyo sawa kama meza, na kwa sababu hiyo limejenga kuta za Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder na limetandikwa katika nyua nyingi za jimbo hilo.

Kisha yanafuata matabaka laini, na hapa ninakuomba uvute subira kidogo, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa swali la ziwa. Kwanza kuna Lykins, tabaka la tope jekundu lililokauka, likiwa na mishipa ya chokaa na jasi ndani yake. Juu yake kuna Morrison, udongo wa kijivu na wa kijani uliowekwa na mito na madimbwi takriban miaka milioni 150 iliyopita, zama za dinosaria. Morrison ni rika moja na mawe ya Tendaguru katika mkoa wa Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, nayo ikasafirishwa hadi Berlin. Mnyama mrefu wa Tendaguru anayesimama katika jumba la makumbusho la Berlin aliitwa kwanza Brachiosaurus, jina la mnyama aliyechimbuliwa Colorado mwaka 1900. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, baada ya kuona kwamba wanyama hao wawili walikuwa ndugu lakini hawakuwa wamoja. Nimetoka njiani kidogo, lakini watoto wakichoka kupanda, kisa hiki huwarudishia nguvu.

Mkeka wa juu katika vilima hivyo ni Dakota, mchanga wa pwani ya bahari iliyokuwa ikiingia bara miaka milioni 100 hivi iliyopita. Ni jiwe gumu sana, rangi yake ni ya manjano na kahawia, nalo ndilo lililounda tuta la mwisho kabla ya uwanda, lile ambalo mtu anayetoka Fort Collins hulikuta kwanza.

Sasa jipange mwenyewe, mama, uitazame picha nzima kutoka magharibi kwenda mashariki: milima, halafu matuta magumu ya mawe mekundu na ya Lyons, halafu ukanda wa tope laini, halafu tuta gumu la Dakota, halafu uwanda. Maji yakipewa mpangilio kama huo hufanya kazi moja tu. Huchimba ule ukanda laini mpaka liwe bonde refu, jembamba, lililonyooka kutoka kaskazini hadi kusini, lenye ukuta wa jiwe kila upande. Vijito vinavyoteremka kutoka milimani navyo vilikata mianya katika tuta la Dakota ili vifike uwandani. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuwaza habari ya kuhifadhi maji, maumbile yalikwisha kutengeneza beseni refu lenye nyufa chache.

Wahandisi walipolitazama bonde hilo waliona kwamba kazi iliyobaki ni kuziba nyufa. Kati ya mwaka 1946 na 1949 zilijengwa kuta kuu nne za udongo na mawe: mmoja unaziba bonde upande wa kaskazini, na tatu zinaziba mianya ya Soldier, Dixon na Spring katika tuta la mashariki. Kuta zilizo ndefu kati yake zinazidi mita 60 kwa kimo. Ziwa lililopatikana linaitwa Horsetooth, lina urefu wa takriban kilomita 10, na likijaa hubeba mita za ujazo zinazokaribia milioni 190. Kwa Kiswahili cha nyumbani, basi, hilo si ziwa, ni lambo, ingawa ni lambo kubwa ajabu, na wembamba wake uliokushangaza ni wembamba wa tabaka laini lililokuwa hapo zamani. Mahali pana upana mdogo ni kwa sababu mkeka ulikuwa mwembamba au uliinama wima zaidi.

Maji yenyewe hayatoki katika vijito vya pale, ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huvivuka bila kulowa magoti. Katika Colorado sehemu kubwa ya theluji na mvua huanguka magharibi ya mgongo wa milima unaogawa maji, ilhali watu wengi na mashamba mengi yako mashariki. Mradi ulioidhinishwa mwaka 1937 chini ya jina la Colorado–Big Thompson ulitoboa handaki la kilomita 21 chini ya milima hiyo, likaanza kupitisha maji mwaka 1947. Horsetooth ni mojawapo ya mahali maji hayo yanapopumzika kabla ya kwenda mashambani na mijini. Greeley ni mmojawapo wa miji inayochota katika mradi huo, kwa hiyo huenda sehemu ya maji uliyopikia chai asubuhi ile kabla ya safari yalikuwa theluji ya upande wa pili wa milima.

Kuna mambo mawili ambayo vipeperushi vya watalii havipendi kuyataja, nami naona ni haki uyajue. La kwanza ni kwamba upande wa kusini wa bonde kulikuwa na kijiji kilichoitwa Stout, ambacho watu wake walichonga mawe ya mchanga kwa ajili ya misingi ya majengo na kingo za barabara za mijini. Biashara hiyo ilidhoofika saruji ilipoenea, na mahali palipokuwa kijiji sasa pamefunikwa na maji. La pili ni kwamba jiwe laini halisahau kuwa ni laini. Nimekwisha kukuambia kwamba Lykins lina mishipa ya chokaa na jasi, na vitu hivyo huyeyuka polepole katika maji. Miaka mingi baada ya ujenzi iligundulika kwamba maji yalikuwa yakijipenyeza chini ya ukuta wa kaskazini kupitia matabaka hayo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziwa lilishushwa sana ili kuta ziimarishwe. Sisemi hili kukutia hofu, kwa kuwa kazi hiyo ilikamilishwa na kuta huchunguzwa; nasema ili uone kwamba bonde lililokuwa zawadi kwa wahandisi lilikuja pamoja na gharama yake, na zawadi na gharama zote zilitoka katika tabaka moja.

Kabla sijafika kwenye tope, nirekebishe jambo dogo katika barua yako. Ulisema mawe yote ya Lory yameinama. Yale ya chini, ndiyo. Lakini ukiifuata njia inayopanda hadi jabali la Arthur's Rock, kwenye kimo cha mita 2,067 hivi, utaacha nyuma mawe ya mchanga na kuingia katika miamba ya aina nyingine kabisa, inayometameta kwa ulanga na yenye mishipa ya fuwele kubwa. Hicho ndicho kigogo chenyewe. Umri wake unakaribia miaka bilioni 1.7. Kati yake na jiwe jekundu linaloanzia juu yake pana pengo la zaidi ya miaka bilioni moja ambalo halikuacha ukurasa wowote pale, kwa kuwa kilichokuwako kilimomonyoka kabla mchanga mwekundu haujaanza kutandazwa. Mimi nimetazama mawe kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na bado mpaka kama huo hunisimamisha. Jabali la Horsetooth, lile lenye mapengo kama meno ya farasi, ambalo limo katika eneo jirani linalosimamiwa na kaunti ya Larimer na linafika mita 2,212, nalo ni la jamii hiyo ya kale.

Nije sasa kwenye njia iliyofungwa. Umekwisha kuona kwamba chini ya nyasi za Lory kuna kanda za mchanga na kanda za udongo wa mfinyanzi, na njia zinazozunguka bondeni hupita juu ya zote mbili. Palipo na mchanga, maji ya mvua huzama na baada ya saa chache ardhi inakanyagika. Palipo na udongo uliotokana na Lykins au Morrison, maji hayazami. Udongo huvimba, huteleza, na hung'ang'ania viatu mpaka kila mguu uwe mzito kama umefungwa tofali. Nyayo za watu, kwato za farasi na magurudumu ya baiskeli, kwa kuwa wote hao wanaruhusiwa katika njia kadhaa za Lory, huacha mifereji ambayo jua likiwaka hukauka na kuwa migumu kama chungu kilichochomwa. Mvua inayofuata hupata mifereji iliyo tayari, hukimbia ndani yake, na njia hugeuka korongo.

Hata hivyo, madhara makubwa zaidi hutokea pembeni ya njia. Mtu akiona tope mbele yake hukanyaga nyasi za kando ili asichafuke, na anayemfuata hukanyaga kando zaidi, mpaka njia ya hatua moja inakuwa na upana wa barabara ya gari. Katika nchi kavu kama hiyo nyasi zilizokanyagwa hazirudi baada ya msimu mmoja. Mahali pake hushikwa na nyasi vamizi zilizoletwa kutoka Ulaya na Asia, ambazo hukauka mapema kabla ya kiangazi kuisha na kuwa kama karatasi inayongoja kiberiti. Colorado inaijua vyema hatari hiyo: mwaka 2020 moto mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hilo uliwaka katika milima ya kaunti hiyohiyo. Askari aliyekuzuia alikuwa analinda mambo yote hayo kwa pamoja. Kama aliyasema kwa ufupi mno, pengine ni kwa sababu ulikuwa mtu wa arobaini kumwuliza asubuhi ile. Ni busara kuangalia taarifa ya hali ya njia asubuhi ya safari, hasa mwezi wa Machi na Aprili theluji inapoyeyuka, kwa maana hata siku yenye jua kali ardhi inaweza kuwa bado imelowa.

Onyo hilohilo la maji linahusu mawe, na kijana wa umri wa kuuliza maswali kwa kawaida ni kijana wa umri wa kupanda. Mapande ya Dakota yaliyo kando ya ziwa ni mashuhuri kwa mchezo wa kupanda mawe mafupi bila kamba. John Gill, mwanahisabati ambaye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa mchezo huo, alifanya mazoezi hapo miaka ya 1960 alipokuwa akisoma katika chuo kikuu cha Fort Collins. Jiwe la mchanga lina matundu madogo kati ya chembe zake, na likinywa maji gundi inayoshikanisha chembe hupoteza nguvu, hata kishikio kilichobeba watu kwa miongo kadhaa kinaweza kubanduka mkononi. Wapandaji wenye adabu husubiri siku moja au zaidi baada ya mvua, ingawa uso wa jiwe unaonekana umekauka. Msubiri hivyo ninyi pia, na msiandike wala kuchora majina juu ya jiwe, kwa sababu jiwe linaloonekana la milele hukwanguka kwa msumari.

Mengine ni ya kawaida. Mnapanda kutoka kimo cha mita 1,650 hivi kwenye maji, si mbali na kimo cha Nairobi, hadi zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo watoto wanywe maji mara kwa mara bila kungoja kiu. Kiangazi mawingu ya radi hujikusanya mchana, na ni vyema muwe mmeshuka kutoka majabalini kabla ya saa sita au saa saba. Kuna nyoka wenye kayamba mkiani, ambao hupenda kuota jua juu ya vibapa vya mawe. Wakisikika wakilia, simameni mjue sauti inatoka wapi, kisha mrudi nyuma taratibu. Dubu na puma wapo, lakini ni nadra kuonekana.

Mkienda tena na mkakuta njia ya bondeni imefungwa, msigeuze gari mara moja. Ulizeni kama njia yoyote ya juu, penye miamba na changarawe, iko wazi, kwani hizo hukauka mapema. Ikiwa zote zimefungwa, iko barabara ya lami inayopita juu ya kuta tatu za mashariki, na kando yake kuna sehemu za kuegesha gari. Hapo mtoto anaweza kusimama juu ya zibo lenyewe, tuta la Dakota likiwa limekatika kulia na kushoto kwake, ziwa likiwa mbele na uwanda nyuma, akaona kwa macho yake mahali mawe yalipokomea kulishika ziwa na mahali watu walipoanzia.